Malakiti Mkononi

Kwanza ilikuwa zambarau, ganda la bilinganya,
kisha nyeusi, kisha siku ya nne kijani,
kijani kile cha vijiwe tulivyookota utotoni
kando ya barabara ya Ruashi, baada ya malori kupita.
Kutoka kwapani hadi kiwikoni, upande wa ndani,
mkono wangu wa kushoto umekuwa mgodi.

Mama aliuona nikisonga bukari.
Joto lilinifanya nikunje sweta, nikasahau.
Akanishika kifundo, mwiko ungali sufuriani.
"Feza. Nani?"
Hakuuliza nini. Aliuliza nani.
Nikasema: upondo.
Akasema: na huyo Upondo anakaa mtaa gani?

Jumamosi akaja uwanjani Katuba,
kitenge amekikaza mara mbili
kama aendaye kudai deni lililokwisha kuliwa.
Kocha Chola alikuwa amepiga magoti,
akifagia mchanga ndani ya kisanduku
alichokiunga mwenyewe kwa bati nene,
yeye aliyechomelea vyuma miaka ishirini na sita
chini ya lile dohani refu, hadi mshahara ulipokoma kuja.
Magodoro yetu ni kumi na moja, ya hospitali,
yameshonwa pamoja kwa kamba ya mkonge.
Mvua ikinyesha hunuka dawa.

"Kaa, mama," alisema, akimpa ndoo iliyopinduliwa.
"Mtazame mwenyewe anayempiga mtoto."

Nikakimbia.
Upondo ukagota chumani, ngo,
kiwiko cha kushoto kikakunjika,
nikaukumbatia kama mtu aliyeona ndugu yake kituoni,
nao ukanipita ukichubua palepale,
penye kijani, juu ya kijani.
Nilipoinuka kwenye godoro
mama alikuwa ameshika mkono wake yeye.

Chola hakupaza sauti. Hajui kupaza;
tanuru lilimfundisha kusema kwa vidole.
Akanisimamisha, akaweka mkono wangu wa kulia juu,
juu zaidi, hadi ubavu ukalia.
"Wewe unainua upondo ukishafika.
Aliyefika amechelewa.
Bado hatua tatu, mikono ianze safari:
nyonga, sikio, mbingu.
Wa kulia unyooke. Mguu uache ardhi
chini ya mkono huo, usiutangulie.
Ukiutangulia, upondo unakung'oa, haukuinui.
Na huu wa kushoto," akakigusa kiwiko
kwa ncha ya kalamu, asiniumize,
"utoke nje, usukume, uwe mlinzi wa mlango.
Usiukumbatie. Upondo si mama yako."

Mama kwenye ndoo akakohoa.

Tulitembea kwanza. Hatua tatu tu, bila kuruka,
tatu, mbili, moja, juu,
mpaka watoto waliokuwa wakicheza mpira
wakaanza kutuhesabia kwa dhihaka.
Tatu, mbili, moja, juu.
Jua lilishuka nyuma ya mlima mweusi wa takataka za shaba
na mimi bado natembea kama kipofu mwenye fimbo ndefu.

Saa kumi na moja akaniruhusu kukimbia.
Sikumbuki hatua. Nakumbuka nafasi:
kati ya kifua changu na upondo palikuwa na hewa,
hewa halisi, baridi kidogo,
mtu angeweza kupitisha kapu.
Kijiti kilianguka. Nilikipiga kwa goti.
Sikukijali. Nililala chali kwenye harufu ya dawa
nikipapasa mkono kama anayetafuta funguo,
sikupata maumivu mapya.

Njiani mama hakusema neno hadi sokoni.
Hapo, akichagua nyanya, akaniambia bila kunitazama:
"Yule mzee ana haki. Unaogopa kuachia."
Akarudisha moja iliyobonyea.

Jumatano ilikuja alama nyingine,
ndogo, ya mviringo, kama sarafu, karibu na kiwiko.
Umeme ulikuwa umekatika. Mama akasogeza mshumaa,
akanigeuza mkono taratibu, huku na huku,
kama wapimavyo jiwe kabla ya kutaja bei.
Hakuuliza nani.
Aliuliza: "Ulianza kuinua hatua ya ngapi?"